Pedali ya breki ya simuleta: nguvu ya mguu, fremu, na bajeti ya shilingi 150,000

Msomaji wa South B, Nairobi, ameuliza hivi: "Ninaendesha simuleta ya mbio za magari kwenye kompyuta. Nimeshanunua usukani wenye mota ya moja kwa moja, lakini bado natumia pedali za Logitech G29 kupitia adapta. Usukani nimeufunga kwenye meza na ninakalia kiti cha ofisi. Mara nyingi huendesha magari ya mbio ya daraja la GT3 katika mchezo wa Assetto Corsa Competizione, na wikendi huingia kwenye barabara za Safari Rally katika mchezo wa EA Sports WRC. Nimeweka akiba ya shilingi 150,000 kwa ajili ya breki nzuri. Je, ninunue pedali za haidroliki, ninunue zile zenye kihisi cha kilo 200, au nisubiri hadi nimudu pedali yenye mota? Nimepanga nyumba ghorofa ya tatu."

Ndugu msomaji, kwa hali uliyoieleza ningechagua seti ya pedali zenye kihisi cha nguvu kwenye breki, za daraja la kati linaloelekea juu, na kiasi kizuri cha akiba hiyo ningekipeleka kwenye fremu ya chuma inayounganisha kiti, usukani na pedali kuwa kitu kimoja. Haidroliki ningeiacha kwa sasa. Pedali yenye mota ningeiondoa kabisa kwenye hesabu, kwa kuwa haitakupa faida yoyote maadamu bado unakalia kiti chenye magurudumu. Kilo 200 zilizoandikwa kwenye sanduku nazo zisikushawishi, na hapo ndipo ninataka tukae kwa muda, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza pesa.

Tuanze na pedali ulizo nazo. Breki ya G29 hupima umbali. Ndani yake mna potensiomita, yaani kijiti kinachoteleza juu ya utepe wa kaboni na kuieleza kompyuta kwamba pedali imefika nusu ya safari yake, au robo tatu. Logitech waliweka kipande cha mpira ndani ya breki hiyo ili iwe ngumu kuelekea mwisho, lakini kinachopimwa bado ni umbali uleule. Gari la mbio halifanyi hivyo. Padi zikishagusa diski, safari ya pedali huwa karibu imekwisha; kinachobaki ni shinikizo ndani ya mabomba ya breki, na shinikizo hilo hufuata nguvu ya mguu wako. Katika magari ya GT3 jambo hili ni wazi zaidi, kwa sababu hayana kile kifaa cha utupu kinachoongeza nguvu ya mguu katika magari yetu ya barabarani. Mguu husukuma silinda kuu mbili moja kwa moja, moja ya breki za mbele na nyingine ya breki za nyuma, na kati yake kuna fimbo ya kugawa nguvu hiyo. Dereva huamuru kasi ipungue kiasi gani kwa ukali wa kukanyaga, si kwa umbali wa kukanyaga.

Mwili nao hukumbuka ukali vizuri kuliko umbali. Mtu aliyeketi akiambiwa akanyage hadi kifundo cha mguu kifike pembe fulani, kisha arudie macho yakiwa mbele, hukosea kwa kiasi kikubwa. Akiambiwa akanyage kwa nguvu ileile aliyoitumia awali, hukaribia sana. Ndiyo maana pedali inayopima nguvu hukufanya uanze kufunga breki mahali pale pale na kufika kwenye kona kwa mwendo uleule, mzunguko baada ya mzunguko. Haikuongezei kipaji. Inachokupa ni uhakika kwamba ulichokifanya mara ya kwanza unaweza kukirudia, na katika mashindano ya saa nzima uhakika huo una thamani kubwa kuliko sehemu ya kumi ya sekunde uliyoipata mara moja kwa bahati.

Kihisi cha nguvu, ambacho wauzaji hukiita lodiseli, ni kipande cha chuma kilichobandikwa nyaya nyembamba sana. Chuma kikisukumwa hujikunja kidogo mno, nyaya hunyooka au kubanwa, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Mabadiliko hayo hukuzwa na kugeuzwa kuwa tarakimu. Jambo la kushika hapa ni kwamba kihisi chenyewe karibu hakisogei kabisa. Safari yote unayoihisi chini ya mguu hutoka kwenye springi na vipande vya mpira vilivyopangwa kati ya pedali na kihisi. Namba hutoka kwenye chuma, lakini hisia hutoka kwenye mpira. Kwa hiyo unapolinganisha pedali mbili za bei inayokaribiana, usianze kwa kuuliza kihisi kina kilo ngapi. Uliza mpangilio wa mpira na springi ukoje, vipande vingapi vya ugumu tofauti vinakuja ndani ya sanduku, na kama unaweza kuvibadilisha bila kuifungua pedali nzima.

Sasa kuhusu hizo kilo. Wauzaji huchanganya vitu viwili chini ya jina moja. Wengine hutaja uwezo wa kihisi, wengine hutaja nguvu ambayo mguu unaweza kuiweka juu ya pedali. Kati ya mguu na kihisi kuna wenzo, na wenzo huzidisha. Pedali ikiwa na wenzo wa mbili kwa moja, mguu unaokanyaga kilo 60 unakipa kihisi kilo 120. Pedali ya Sprint ya Heusinkveld wa Uholanzi hutajwa kwa takriban kilo 65 kwenye mguu, ilhali CRP ya Moza hutajwa kwa kihisi cha kilo 200. Ukiziweka bega kwa bega kwenye jedwali, utadhani ya pili ina ubora mara tatu, wakati namba hizo hazizungumzii kitu kimoja.

Kuna pia swali la nguvu kiasi gani inakufaa wewe. Huwa tunasikia kwamba dereva wa Formula 1 hukanyaga zaidi ya kilo 100, na ni kweli. Lakini dereva huyo anapofunga breki, gari hupunguza mwendo kwa kiasi kinachoweza kufikia 5 g, yaani mara tano ya mvutano wa dunia, na mguu wenye uzito wa kilo 12 husukumwa mbele kana kwamba una kilo 60. Sehemu kubwa ya nguvu anayoiweka kwenye pedali anapewa na gari lenyewe. Wewe umekaa South B na chumba hakipungui mwendo. Kila kilo unayoikanyaga inatoka kwenye paja lako, na kwa saa nzima ya mashindano utaifanya kazi hiyo mara mamia. Kwa maoni yangu, mtu mzima mwenye afya anayeendesha jioni baada ya kazi hufanya vizuri zaidi akiweka kiwango chake cha juu kati ya kilo 35 na 60. Wapo wanaopenda 80 na kuendelea, nao hawakosei, lakini walifika hapo taratibu, na fremu zao zinaweza kuhimili.

Kabla hujalipa hata shilingi, fanya jaribio hili. Chukua mizani ya bafuni, ile ya mshale, uisimamishe ikiegemea ukuta chini, pale ambapo pedali ingekaa. Sogeza kiti kisicho na magurudumu hadi kiegemee ukuta wa upande wa pili, au kabati zito, ili kisirudi nyuma. Kaa kama unavyokaa ukiendesha, weka unyayo wa kushoto juu ya mizani na kisigino sakafuni, kisha kanyaga kama unayefunga breki kali mwishoni mwa barabara ndefu iliyonyooka. Mtu mwingine asome mshale, wewe uangalie mbele. Rudia hadi uone mahali ambapo mshale unapenda kutua bila nyonga kuinuka na bila bega kukaza. Halafu rudia jaribio hilohilo ukiwa kwenye kiti chako cha ofisi. Utaona kiti kinaanza kurudi nyuma kabla mshale haujafika mbali. Hapo utakuwa umepata majibu mawili kwa pamoja: nguvu unayoihitaji kweli, na sababu ya mimi kusisitiza fremu.

Ubora wa pedali ghali huonekana zaidi katika kuachia kuliko katika kukanyaga. Kukanyaga kwa nguvu mwanzoni kila mtu anaweza. Kazi ngumu inakuja baadaye, gari linapoingia kona huku ukipunguza breki kidogo kidogo ili uzito ubaki kwenye tairi za mbele. Gari linalotegemea mkandamizo wa hewa hupoteza mkandamizo huo kwa mraba wa kasi. Likishuka kutoka kilomita 240 hadi 120 kwa saa, hubaki na robo tu ya mkandamizo wa awali, na breki iliyokuwa sawa juu ya barabara iliyonyooka sasa inatosha kufunga magurudumu. GT3 zina ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, na zitakusamehe zaidi, lakini ukiitegemea ABS kila kona, unaongeza umbali wa kusimama na gari hukataa kugeuka. Sasa, mpira uliobanwa haurudi papo hapo. Ukiinua mguu haraka kuliko mpira unavyoweza kupanuka, nguvu inayofika kwenye kihisi hushuka ghafla kuliko ulivyokusudia, na gari hupoteza mshiko wa mbele katikati ya kona bila wewe kuelewa kwa nini. Pedali nzuri hutumia mpira unaorudi upesi, egemeo zisizo na mchezo, na mkono wa chuma usiojikunja kando. Ukipata nafasi ya kujaribu pedali kabla ya kununua, ishike kwa mkono na uitikise kushoto na kulia. Ikiyumba mikononi, itayumba pia chini ya kilo 50. (Mpira huwa mgumu kidogo kukiwa na baridi, usiku wa Julai hapa Nairobi unaweza kuiona tofauti katika dakika za mwanzo. Si hitilafu.)

Nije kwenye fremu, ambayo kwa kweli ndiyo nusu ya breki yako. Unapoisukuma pedali kwa kilo 50, mgongo wako unakisukuma kiti nyuma kwa kilo 50 hizohizo. Kama pedali ziko sakafuni na kiti kiko mbali nazo kikiwa peke yake, nguvu hizo mbili hutafuta pa kutokea: pedali huteleza juu ya vigae, kiti hurudi nyuma, na wewe unamalizia kwa kukanyaga kwa woga. Kiti na pedali vikifungwa kwenye fremu moja, nguvu hizo hukutana ndani ya chuma na kumalizana humo. Sakafu haisikii chochote isipokuwa uzito. Ndiyo sababu huhitaji kutoboa sakafu ya mwenye nyumba ili kupata breki ngumu.

Fremu ikijikunja, kihisi bado kitasoma nguvu sawasawa, kwa kuwa nguvu ni nguvu. Kinachopotea ni hisia. Mguu unaona pedali ikisogea zaidi ya mpira wake unavyoruhusu, kisigino kinahama, na ule ugumu uliolipia pesa nyingi unageuka kuwa ulaini wa bati. Mtu anayeweka pedali ya bei kubwa juu ya stendi nyepesi ya kukunja anapata pedali ya bei ndogo.

Kwa bahati nzuri, hili Nairobi tunalimudu vizuri. Fremu za alumini zinazouzwa ng'ambo ni nzuri, lakini ni nzito na ndefu, na kuzisafirisha kunaweza kugharimu kuliko fremu yenyewe. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, Kariobangi Light Industries au mtaani kwako, akutengenezee kwa bomba la chuma la mraba la milimita 50 kwa 50. Usikubali bomba la unene wa chini ya milimita 2 kwenye nguzo mbili ndefu zinazotoka kiti hadi pedali, hata akikuambia jembamba linatosha meza na vitanda. Bamba la kufungia pedali liwe la chuma cha milimita 6, likiwa limeinama kidogo kumwelekea dereva, na nyuma yake pawe na vipande viwili vya mshazari vinavyoteremka hadi kwenye nguzo kuu. Vipande hivyo viwili ndivyo vinavyozuia bamba kujikunja mbele unapokanyaga. Ukiviacha ili kuokoa chuma kidogo, utavitamani baadaye. Mwambie fundi atengeneze nafasi ndefu za boliti badala ya matundu, ili uweze kusogeza pedali mbele na nyuma, na boliti ziwe za milimita 8 zenye alama ya 8.8 kichwani. Bamba lisitobolewe hadi pedali zenyewe zifike, kwa sababu kila mtengenezaji ana vipimo vyake, na mchoro unaopatikana kwenye intaneti huenda ni wa toleo la zamani.

Kiti kitafute miongoni mwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika, Kirinyaga Road au Grogan. Kiti cha mbele cha gari dogo lililotoka Japani kinatosha kabisa. Angalia kwamba mfumo wa kulaza mgongo haujachakaa: kaa, sukuma kwa mgongo kwa nguvu zako zote, na usikilize kama kunalia au kunachezacheza. Chini ya fremu weka mkeka mzito wa mpira. Jirani wa chini hatasikia sauti ya pedali ikikanyagwa, lakini atasikia mshindo inaporudi, nao husafiri ndani ya zege.

Kuhusu haidroliki, nitakuwa mfupi. Ndani yake silinda kuu husukuma kimiminika, na kihisi hupima shinikizo badala ya mkunjo wa chuma. Invicta ya Asetek, kampuni ya Denmark iliyojulikana kwanza kwa mifumo ya kupoza kompyuta kwa maji, ni mfano maarufu. Zikiwa nzuri, huwa na ulaini wa mwendo ambao mpira peke yake hauupati kirahisi, hasa wakati wa kuachia. Sizidharau hata kidogo. Ila zina sili zinazochakaa, hewa inayoweza kuingia, na kimiminika ambacho si lazima kiwe kile cha dukani. Hili la mwisho lichukue kwa uzito. Sili zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya madini huharibiwa na brake fluid ya kawaida ya DOT 3 au DOT 4, na zile za brake fluid huharibiwa na mafuta ya madini. Muuzaji wa vipuri atakupa DOT 4 kwa nia njema kabisa, na baada ya muda pedali itaanza kuvuja. Mtu anayenunua haidroliki akiwa Nairobi anunue na sili za akiba siku hiyohiyo.

Pedali yenye mota ni kitu kingine kabisa. Simucube, chapa ya kampuni ya Granite Devices ya Finland, walileta ActivePedal mwaka 2023. Hapo mota ndiyo inayotengeneza upinzani wote, hivyo unaweza kubadilisha breki kutoka ya gari la GT3 hadi ya gari la rali kwa kubonyeza tu, na kuhisi ABS ikitetemesha unyayo. Bei yake ilikuwa zaidi ya yuro 2,000 kwa pedali moja. Kuna nyingine za bei nafuu zilizofuata, na naamini miaka ijayo huko ndiko soko litakakoelekea. Lakini fremu na kiti ulichokitengeneza leo vitakuwa bado vinafaa siku utakapoinunua.

Umesema unaendesha GT3 na rali pia, na mahitaji yake yanavutana. GT3 inataka breki ngumu yenye safari fupi. Rali ya changarawe inataka breki laini kidogo, yenye safari ndefu zaidi na mwanzo mwepesi, kwa sababu magari ya rali hayana ABS, na mara nyingi unagusa breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa bado kwenye mafuta, si ili kusimama bali kuigeuza pua ya gari. Kwenye zile barabara za Naivasha, penye vumbi la kina na mawe, breki ya kilo 60 itakuchosha na kufunga magurudumu mahali usipotaka. Kwa hiyo kigezo cha kubadilisha mpira kwa urahisi, nilichokitaja mwanzoni, kwako ni muhimu kuliko kwa mtu wa GT3 pekee. Programu ya pedali nayo itakusaidia: unaweza kuhifadhi mipangilio miwili, mmoja wenye kiwango cha juu cha kilo 50 na mwingine wa kilo 30, bila kugusa spana.

Sasa pesa. Usihesabu bei ya tovuti peke yake. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hukokotoa ushuru juu ya bei ya bidhaa, bima na usafirishaji kwa pamoja. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una viwango vya 0, 10, 25 na 35%, kutegemea kundi ambalo bidhaa imewekwa. Juu yake kuna VAT ya 16%, ada ya tamko la uagizaji ya 2.5%, na tozo ya maendeleo ya reli ya 2%. Tuchukue mzigo wa shilingi 100,000 uliowekwa kwenye kundi la 25%. Ushuru ni 25,000. VAT ya 16% juu ya 125,000 ni 20,000. Ada zile mbili ni 4,500. Jumla umefika 149,500, na akiba yako imekwisha kabla hujanunua bomba hata moja. Ukiweka ukomo wa shilingi 70,000 hadi mzigo unapotua, kabla ya ushuru, utamaliza karibu 105,000, na kubakiwa na takriban 45,000 za fundi, chuma na kiti. Muulize wakala wa forodha kuhusu kundi la ushuru kabla ya kuagiza, kisha linganisha na bei ya maduka ya hapa ambayo yameshalipa yote hayo; wakati mwingine tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na dukani unapata mtu wa kumrudia.

Kwa ukomo huo, ningetazama pedali kama P1000 ya Simagic, CRP ya Moza, au ClubSport V3 ya Fanatec, nikiipa uzito ile unayoweza kupata vipuri vyake. T-LCM ya Thrustmaster ni chaguo la chini kidogo lakini la heshima, nayo huja na springi za ugumu tofauti za kubadilisha kwenye breki. Sprint ya Heusinkveld ningeipenda kuliko zote hizi kwa uimara wake, na huenda ukaifikia ukinunua seti ya pedali mbili bila klachi. GT3 hubadilishwa gia kwa vidole, na magari mengi ya kisasa ya rali hutumia klachi wakati wa kuondoka tu, kazi ambayo kitufe kinaiweza. Kuacha klachi kunapunguza pia uzito, na mzigo wa ndege hulipiwa kwa kilo. Kama una nia ya kuhamia PlayStation siku moja, fahamu kwamba pedali nyingi za USB hazikubaliki huko zikiwa peke yake. Lazima zipitie kwenye usukani unaotambulika na mashine hiyo.

Ukipata seti iliyotumika hapa mjini, nenda na kompyuta ya mkononi. Chomeka pedali, fungua dirisha la vidhibiti vya michezo la Windows kwa kuandika joy.cpl, kanyaga breki kwa nguvu zako zote kisha uachie. Mstari urudi sifuri kabisa na utulie. Ukibaki juu kidogo kila mara, kihisi kimewahi kuzidiwa nguvu na hakitapona. Ukitetemeka bila kuguswa, huenda ni waya au kikuzaji, na hapo unaweza kujadiliana bei.

Pedali zikishafungwa kwenye fremu, vaa raba za soli nyembamba, ile ile jozi kila siku, kwa maana soli nene huficha nusu ya hisia uliyoilipia. Weka mguu juu ya breki bila kukanyaga na uongeze nafasi tupu ya mwanzo kidogo tu, hadi uzito wa unyayo usisomeke. Kisha kanyaga kama ulivyokanyaga ile mizani, ukatae kishawishi cha kuonyesha nguvu, na uweke kiwango cha 100% chini kidogo ya hapo. Ndani ya mchezo acha mstari wa breki uwe ulionyooka. Ule upindaji wa mstari, unaoitwa gama, uliokuwa ukiisaidia potensiomita hauna kazi tena. Chagua gari moja na uwanja mmoja, zima mstari wa kuongoza, na kwa wiki mbili usibadilishe mpira wala namba yoyote, hata siku ambazo unaona umekuwa mzito kuliko ulivyokuwa na G29.